Mchanga wa Kutayamamia

Tangu maji yaanze kuipasua ngozi ya habuba, bibi yangu mzaa baba, alitayamamu kwa mchanga wa mto Kochi badala ya kutawadha kwa maji, na kazi ya kuuleta ilikuwa yangu. Alitaka ule mkavu wa juu ya tuta la ukingoni, unaopeperuka ukiupuliza. Siku hiyo aliingiza viganja ndani ya kopo, akatoa mzizi.

“Hawah, hii iko mchanga ama kichwa ya mutu?”

“Nyasi ya Muzamili imefunika tuta lote, habuba.”

Ilikuwa nyasi chotara. Kaka yangu Muzamili aliipanda kwa ajili ya ng'ombe wake, nayo ikashuka yenyewe mpaka mtoni. Katika darasa la jioni mwalimu Candiru alitueleza habari za pwani moja ya mbali: nyasi mbili za kigeni zilizaana kwenye vilima vya mchanga, na mtoto akawapita wazazi wote wawili. Mchanga uliozoea kuhama na upepo ukashikwa, na mimea midogo ya pale ikakosa pa kuota. Kwetu pia, ndege waliotaga mchangani sikuwaona tena.

Sijawahi kuona bahari. Lakini baada ya swala ya adhuhuri nilisinzia mkekani, nikaiona. Vilima vyeupe vilitoka majini vikitembea kuelekea kwetu Koboko, polepole, kama mahujaji. Kila kilichofika kwenye tuta letu kilishikwa mguu na nyasi, kikasimama, kikaniangalia kama mgeni anayeulizia msikiti.

Nilipoamka nilimwendea Muzamili, nikamwambia nyasi yake lazima ipungue.

“Ng'ombe atakula nini?”

“Atakula ya shambani. Ya tutani naing'oa.”

“Darasa ya jioni imekuharibu. Sasa unagombana na nyasi.”

Habuba alicheka kutoka ndani. “Chotara iko mimi pia. Baba Msudani, mama Mkakwa. Lakini sikunyang'anya kila mutu kitanda yake katika nyumba.”

Muzamili akachukua jembe.

Tulifungua mahali padogo, upana wa mikeka michache. Mizizi iliyobaki itachipua, najua. Nitarudi kila siku baada ya alfajiri, Mungu akinijalia. Upepo ulipita, na mchanga ukaanza kusogea juu ya nyayo zetu.

Kabla ya magharibi nilimpelekea habuba kopo. Alichota kidogo, akapuliza. Ukapeperuka.

“Hii iko hai,” alisema, akaupiga kwa viganja, akajipangusa uso.