Nyumba Isiyofuka Moshi

Siku ya kwanza Mutheu alipopika bila kuni, majirani walikuja kumlilia.

Haikuwa ajabu. Huku Mbololo mtu akiamka hutazama mapaa ya jikoni za wenzake kabla hajanawa uso. Moshi ukipanda, wenyewe wamelala salama. Usipopanda, mtu huvaa kandambili akaenda kuuliza. Mutheu alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, akiishi peke yake, mwanawe Thadeus akifanya kazi Mombasa. Ilipofika saa tatu na paa lake bado halijatoa hata uzi wa moshi, Kavinya, jirani yake wa upande wa chini, alipiga yowe moja fupi, na watu wakaja mbio, wanawake wamejifunga leso viunoni. Walimkuta jikoni anakunywa chai ya pili. Mbele yake moto wa buluu ulizunguka kama ua, na hapakuwa na ukuni hata mmoja.

Kavinya alicheka mpaka akaketi sakafuni. Wengine nao wakacheka. Obadiah hakucheka.

Obadiah alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe Musyimi, tena mzee wa kanisa. Tangu Musyimi azikwe alikuwa akiwataka ng'ombe watatu wa marehemu washuke kwenye ranchi, wachanganywe na kundi lake linalochungwa huko tambarare. Ng'ombe wa kufungiwa zizini, alisema, ni mahabusu. Sasa alizunguka nyuma ya zizi, akaona sakafu mpya ya saruji iliyoinama kidogo, karo ambamo samadi huchanganywa na maji, na kuba la saruji lililofukiwa ardhini mpaka shingoni. Alirudi jikoni ameshika pua.

Mutheu alimweleza kama alivyoelezwa yeye. Jioni tatu kila juma alikuwa akienda darasa la watu wazima katika shule ya msingi, na huko Mwalimu Margaret aliwahi kuchora ng'ombe ubaoni, na nyuma ya ng'ombe lundo la samadi. Lundo likiachwa lioze hivi hivi, alisema, hutoa hewa isiyoonekana, nayo hupaa na kuifunika dunia kama blanketi, joto likazidi na mvua zikapotea njia. Ukiinasa hewa hiyo chini ya ardhi na kuichoma jikoni, blanketi linapungua, na wewe umepika. Wenzake darasani waliandika na kufunga madaftari. Mutheu hakulala vizuri. Mvua zilikuwa zimemkimbia misimu miwili, na kumbe lundo lake mwenyewe nyuma ya zizi lilikuwa na mkono katika jambo hilo. Aliomba juu yake siku saba. Siku ya nane alimwita Mwangangi, fundi wa mitambo ya kunasa hewa hiyo, kutoka Voi.

Obadiah alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu mbele za watu.

"Mama Thadeus," akasema, "nyumba isiyofuka moshi ni nyumba iliyokufa. Na chakula cha mavi hakiwezi kuombewa."

"Anayeniombea chakula ni mimi, shemeji. Na Mungu hajawahi kuniuliza nimepikia nini."

 Obadiah akatazama sufuria ndogo ya chai, akatabasamu. Alisema kuchemsha chai hata mshumaa unaweza. Mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, ilikuwa zamu ya Mutheu kupokea ushirika wa nyumba kwa nyumba, watu ishirini na zaidi. Basi awapikie muthokoi, mahindi yale magumu yaliyokobolewa, pamoja na mbaazi, kwa moto huo wake na bila ukuni wala kaa. Akishindwa, shimo lifukiwe na ng'ombe washuke ranchini.

"Na ukiiva?" Mutheu akauliza.

"Ukiiva, sitasema neno tena."

"Hilo halitoshi. Ukiiva utakula pia. Utakula hapa, mbele yao."

Obadiah akakubali, na watu wote wakasikia.

Neno lililobaki kumchoma Mutheu si lile la ng'ombe. Ni ile pua iliyoshikwa. Alijiona tayari siku ya ushirika, wageni wamekaa uani, Obadiah ameshika pua, na wengine wakimwiga. Akateremka Voi, akanunua madumu mawili ya dawa ya kusafishia choo, ile yenye povu na harufu ya msonobari, na tangu siku hiyo akasugua sakafu ya zizi asubuhi na jioni mpaka ng'ombe wakawa wanateleza. Kavinya alimtania kwamba ng'ombe wake karibu wataomba taulo. Zizi likanukia kuliko chumba cha kulala.

Siku ya kumi na moja moto wa buluu ulipungua. Siku ya kumi na mbili ukawa ulimi mdogo, na asubuhi iliyofuata Mutheu alifungua koki, akawasha kiberiti, kiberiti kikaungua mpaka vidoleni.

Habari hizo zilimfikia Obadiah kabla ya adhuhuri. Hakuja mwenyewe. Alimtuma mtu kuuliza kama ng'ombe wa Mama Thadeus wanaweza kutembea mpaka ranchini au watahitaji lori.

Kavinya alikuja jioni na debe la makaa chini ya leso. Alisema makaa hayana moshi mwingi, watu hawatajua, hata Mungu hatakasirika kwa debe moja. Mutheu alimshukuru, akamrudishia. Alikuwa ametoa neno lake mbele za watu, na neno lile halikuwa na mlango wa nyuma. Siku hizo alikula ndizi mbivu, maziwa ya kuganda, na uji alioletewa na Kavinya huku akimwita kichwa cha punda.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba muujiza. Aliomba aonyeshwe kosa lake kama ni lake, maana lisipokuwa lake hakujua angelirekebishaje. Kisha akanyanyuka kwenda kusugua zizi, akiwa na dumu mkononi.

Hapo ndipo aliposoma. Alikuwa amelishika dumu lile siku nyingi bila kulisoma, kwa mazoea ya miaka hamsini ya mtu ambaye maandishi hayakumhusu. Sasa alisimama mlangoni mwa zizi, akafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa. Huua viini vyote. Akarudia. Vyote. Akamkumbuka Mwalimu Margaret akisema kwamba hewa ile haitengenezwi na samadi yenyewe, bali na viumbe hai wadogo wasioonekana wanaoila samadi ndani ya giza. Akatazama sakafu yake safi, jinsi ilivyoinama, na jinsi kila tone la povu lilivyoteremka moja kwa moja karoni.

Alikuwa amewaua kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa sababu ya pua ya Obadiah.

Mutheu aliketi juu ya ndoo akalia kidogo. Kisha akapanguza uso, akampigia Mwangangi.

Fundi alifika na pikipiki, akainusa ile harufu ya msonobari, akauma mdomo asicheke. Alisema mwaka uliopita kuna mzee aliyemwaga dawa ya kupe, kwa hiyo Mutheu si wa kwanza, ingawa ni wa kwanza kunukia vizuri hivyo. Kutwa nzima walichota tope kutoka kwenye tangi chini ya kuba, ndoo kwa ndoo, wakalimwaga katika shimo la kando mbali na mboga. Wakaingiza maji safi na samadi mbichi, nyingine kutoka kwa ng'ombe wa Kavinya. Kesho yake Mwangangi alipanda Bura, kwa mkulima ambaye mtambo wake ulikuwa unafanya kazi vizuri, akarudi na madumu manne ya tope lililo hai yamefungwa nyuma ya pikipiki.

"Hii ni chachu," alisema. "Mengine ni subira."

Siku kumi na nne zilikuwa zimebaki. Kila asubuhi Mutheu alikoroga samadi kwa mikono yake, akaiingiza, akaomba kwa maneno machache. Zizi alilifagia kwa ufagio na maji matupu. Lilinuka kama zizi, naye akaliacha linuke. Siku ya tisa kipimo cha hewa kilichokuwa ukutani kilipanda, akawasha, moto ukaruka na kuzimika. Mwangangi alimwambia kwa simu kwamba hewa ya kwanza haiwaki, aiachilie. Kuiachilia kulimuuma kama kumwaga maziwa. Siku ya kumi na mbili ulimi wa buluu ulishika, ukatetemeka, ukakaa. Akauzima mara moja, asitumie hata wa chai, ili hewa ijikusanye.

Jumamosi watu walifika, ishirini na watatu. Obadiah alikuja na mkewe Nzembi, na kijana mwenye fimbo ya kuswagia ng'ombe. Mutheu aliiona fimbo. 

Muthokoi ulikuwa umelowekwa tangu jana, na sufuria ilikuwa motoni tangu alfajiri. Waliimba. Waliomba. Neno likasomwa, likafafanuliwa, likafafanuliwa tena. Mutheu alitoka na kuingia jikoni, na kila alipoingia moto ulikuwa mfupi zaidi. Saa sita ulikuwa umefika kimo cha kucha. Kavinya alimfuata ndani amekumbatia kuni tatu.

"Mutheu, tafadhali. Nitasema ni mimi niliyeziweka."

"Zirudishe."

"Ng'ombe wataenda."

"Waende basi, lakini hawataenda kwa uongo wangu. Zirudishe, dada."

Kavinya alizirudisha. Mutheu akafunika sufuria, juu ya mfuniko akaweka jiwe, akaizungushia magunia pembeni upepo usipite, akakaa mbele yake mkono juu ya goti, kama mtu anayemlinda mgonjwa. Moto ulizimika saa saba kasoro. Aliacha sufuria ijipikie kwa joto lake lenyewe wakati nje wanaimba wimbo wa mwisho, wenye beti sita. Aliomba waimbe zote.

Akapakua mwenyewe. Sahani ya kwanza alimpelekea Obadiah. Wote uani wakanyoosha shingo. Obadiah alitafuna, akatafuna tena, akameza.

"Mgumu," akasema.

"Magumu ni meno yako, mzee," bibi mmoja akajibu kutoka nyuma mdomo umejaa, na kicheko kikapita uani kama upepo.

Mutheu hakucheka. Alisimama mbele yao wote, akawaambia kwamba moto ulikufa katikati ya mwezi, na aliyeuua ni yeye. Akawaeleza dawa, dumu, na maneno aliyoyasoma amechelewa. Alisema hayo kwa sauti ile ile anayotolea ushuhuda kanisani.

"Nilifanya hivyo nikiogopa pua ya mtu," akamalizia. "Sitaogopa tena. Shimo halifukiwi. Ng'ombe hawaondoki. Na shemeji, sahani yako haijaisha."

Obadiah aliitazama sahani. Alikuwa ametoa neno lake, na watu wale wale walikuwa wamekaa pale. Akachukua kijiko, akala mpaka mwisho, polepole, bila kuinua macho. Yule kijana aliiegemeza fimbo ukutani akapanga foleni.

Ndipo Nzembi akakohoa. Alikuwa na kikohozi hicho miaka mingi, kikohozi cha jiko la kuni, kila mtu alikizoea mpaka hakuna aliyekisikia. Alipomaliza, aliuliza kwa sauti, mumewe akiwa kando yake, mtambo kama huu unahitaji ng'ombe wangapi.

"Wawili wanatosha," Mutheu akasema.

"Nyumbani tunao wawili wa maziwa," Nzembi akasema, akamgeukia mumewe. "Si ndiyo, Baba?"

Obadiah alikuwa bado na kijiko cha mwisho mdomoni. Na kwa ahadi yake mwenyewe, hakuwa na ruhusa ya kusema neno.