Wastani wa Nyumba ya Baba

Ofisini wananiita Pilipili, na sikatai. Kaa miaka kumi na moja kwenye ofisi ya takwimu, uone watu wanavyozikoroga hesabu, nawe utawasha tu.

Lakini siku jedwali lile lilipotoka, hata mimi nilicheka kwa furaha. Nilikuwa nimepewa kazi ya kupima kama mikoa maskini inaifikia mikoa tajiri, au pengo liko palepale. Mkoa wetu, nilikozaliwa, ambao miaka yote ulishika mkia, ulikuwa umepanda kuliko yote. Mkoa wa mji mkuu ulikuwa umeshuka kidogo. Kwa miaka kumi, pengo lilikuwa limepungua karibu nusu.

"Hongereni!" Mkurugenzi akapiga makofi. "Jumatano nampelekea waziri. Kwenu sasa mnaweza kujitegemea. Ile ruzuku ya zahanati tuihamishie kwingine."

Furaha yangu ikaingia nyongo hapohapo. Baba ana kisukari. Zahanati ya mtaani kwake, anakopata insulini na muuguzi wa kumwangalia ule mguu wake, inaendeshwa na ruzuku hiyo. Ikifungwa, hospitali ya karibu ni safari ya nusu siku. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Nikajiambia: we Pilipili, namba ni namba, usilete undugu.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumwandaa mzee. Nilimchukua mdogo wangu, fundi umeme mwenye cheti kizuri na asiye na kazi. Mwaka wa pili sasa anazeekea kwenye kochi langu, rimoti mkononi.

Baba alitupokea na mwiko. Kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na tangu Mama atutoke jiko ni lake. Nyumba ni ileile, vyumba vinne, vitanda vyote vimetandikwa na hakuna anayevilalia. Jikoni sufuria nayo ni ileile, kubwa ya kuogeshea mtoto.

"Baba jamani, sufuria lote hili, na ulikuwa hujui kama tunakuja?"

"Sijui kupika kidogo, mwanangu. Nikipunguza mchele, chumvi inanishinda."

"Na kinachobaki?"

"Nawapa majirani. Nao wanapungua."

Tulipokaa kula nikamweleza habari ya jedwali, nikianzia kwenye tamu kabla ya chungu. Nikamwambia mkoa wetu umetajirika. Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Ehe! Tumetajirika lini, mbona mimi sikuitwa?"

"Kipato cha kila kichwa kimepanda, Baba. Ndivyo tunavyopima."

Mdogo wangu, wali umemjaa mdomoni, akadakia. "Mbona ni kweli! Pensheni ya Mzee tulikuwa tunaigawana watu saba. Leo anaila peke yake. Tajiri mkubwa huyu, mtazame!"

Tukacheka wote. Kisha mimi nikaacha kucheka.

Pensheni ilikuwa ileile. Tuliopungua tulikuwa sisi. Na huyu ndugu yangu asiyeingiza hata senti, alipotoka hapa wastani wa nyumba ya Baba ulipanda, na alipotua kwenye kochi langu, wastani wa kwangu ukashuka. Nyumba mbili zimekaribiana, na hakuna aliyeongezewa chochote. Nikaangalia ile meza ndefu, viti vitatu vina watu na vinne vitupu, nikaona mkoa mzima umekaa pale.

"Kula, chakula kinapoa," Baba akasema.

Sikumwambia habari ya zahanati.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Kwenye dodoso letu kuna swali moja ambalo hakuna anayelijali: ulizaliwa mkoa gani? Nikawarudisha watu wote kwenye mikoa waliyozaliwa, popote wanapoishi sasa, nikapiga hesabu upya. Pengo lilikuwa palepale. Tena lilikuwa limetanuka kidogo.

Mkurugenzi alisoma, akavua miwani. "Mwamba ngoma huvutia kwake, dada. Si baba yako yuko kule?"

Iliniuma, kwa sababu hakusema uongo. "Yuko kule, ni mgonjwa, na nampenda. Kwa hiyo mpe mtu mwingine data hizohizo. Mimi sitazigusa."

Akampa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa mji mkuu, mtu ambaye hata salamu yangu huipokea kama bili ya maji. Siku nzima ya Jumanne nilikunywa chai isiyo na ladha. Jumatano asubuhi jamaa akaja na karatasi yake, uso ameukunja.

"Amepatia," akasema. Ilimtoka kama jino.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Aliyafuta maelezo yake ya zamani mbele yetu. "Kumbe umaskini haujapungua," akasema polepole. "Umehama." Na hivyohivyo ndivyo alivyokwenda kumwambia waziri.

Jioni nikampigia Baba, na safari hii nikamweleza yote. Ruzuku imebaki. Ya mwaka mmoja tu, lakini imebaki.

"Kwa hiyo bado tu maskini?"

"Bado, Baba."

"Mungu ni mwema!" Tukacheka mpaka mdogo wangu akainuka kwenye kochi kuuliza kuna nini.

Kisha nikasikia mwiko ukikwangua sufuria.

"Mwanangu."

"Abee, Baba."

"Huo wastani wangu uko juu mno. Mtakuja lini mnishushie?"