Ndege Sichongi

Kwa miaka tisa, fundi mmoja wa meno bandia alikuwa akichonga ndege wa mti kila Jumamosi, hadi wenzake kazini wakambandika jina la Patasi. Alichonga kwa raha zake tu. Kisha dada yake mkubwa akaanza kuwagawa ndege hao: kwa jirani, kwa mwalimu wa watoto, kwa mawifi. Mwishowe akaja na habari kwamba binti yake anaolewa, na wageni wa karibu watapewa kila mtu ndege wake. Arobaini, wote sawasawa.

Patasi alifika wa kumi na moja. Akawapanga dirishani, akawatazama. Wote walikuwa na uso mmoja, kama vikombe vya hoteli. Akajaribu wa kumi na mbili, mkono ukagoma. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Alikaa na kipande cha mti mapajani tangu asubuhi mpaka chai ya jioni ikapoa, hajatoa hata unyoya mmoja.

Akampigia dada yake simu. "Dada, nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Ndege. Kuchonga. Vyote."

"Usinitie aibu, mdogo wangu. Kipaji umepewa bure, unakiringia?"

"Siringi. Nimechoka, na sitaki."

Mama yao akaingilia kati. Shangazi akasema huo ni uvivu mtupu. Patasi akawasikiliza wote, akawakabidhi wale kumi na moja, akafungia vifaa vyake sandukuni. Harusini alikula, akacheza, hakumwomba mtu radhi. Ila Jumamosi zilikuwa ndefu. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alijaribu kuchora, akachana karatasi. Miezi sita ikapita hivyo.

Siku moja akaja karakanani kwao mzee mmoja, dereva mstaafu wa lori, kujaribu meno mapya. Alijitazama kwenye kioo, akayatoa, akayashika kiganjani, akamgeukia Patasi.

"Binti yangu, haya ya nani?"

"Yako, mzee. Hayakai vizuri?"

"Yanakaa. Lakini haya ni meno ya mtangazaji wa televisheni. Mimi hapa mbele nilikuwa na mwanya, na hili moja lilimpanda mwenzake. Mke wangu amelicheka miaka hamsini."

Msimamizi wa karakana akatikisa kichwa. "Hapa hatutengenezi meno ya upogo. Watu watasema hatujui kazi."

"Waseme," Patasi akajibu. "Natengeneza mimi. Wakiuliza, ninyooshee kidole."

Alishinda siku mbili na nta ya kupangia meno. Aliinamisha jino, akaling'oa, akalipandisha tena kidogo. Chakula cha mchana kilimpita bila habari. Hakujua kitatoka nini, na moyo ulimdunda kwa furaha.

Dada yake akasikia habari hiyo, akapiga simu mbio. "Kumbe mkono umerudi! Sasa wale ndege waliobaki, wageni wa harusi bado wananidai..."

"Dada, ndege sichongi. Hata mwakani usiniulize."

Mzee akarudi na mkewe. Akavaa meno, akageuka, akatabasamu. Bibi yule akamkodolea macho, kisha akamchapa kofi la begani.

"Ulikuwa wapi wewe mwanamume?"

Patasi akamtazama msimamizi usoni, wala hakupepesa macho. Msimamizi akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.