Pongo wa Kwanza wa Kibwana

Mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji, Mdachi aliapa kwamba hakuna Mluguru atakayeshika bunduki tena. Aliyekutwa na gobore alipelekwa bomani Morogoro akanyongwa, basi, hakuna porojo. Na bado asubuhi ile, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mjomba wake, juu kidogo ya Matombo, Kibwana alikuwa ametandika mkeka na kupanga vifaa vyake vyote mchana kweupe, utadhani anauza gulioni.

Gobore lilikuwa limetolewa darini. Kando yake palikuwa na pembe ya baruti, fataki za kuwashia baruti zilizofungwa kwenye jani kavu, sufi ya kuzibia, vipande vya jembe lililovunjika vya kutumia badala ya risasi, mkuki mfupi, kamba ya ngozi ya kufungia miguu ya mnyama, chumvi, na muhogo wa kuchoma wa kutosha kijiji kizima.

"Unakwenda kuwinda au unahama?" Mjomba Pazi alimtania.

Kibwana alicheka. Mjomba huyu ndiye aliyemlea, na ndiye mwenye gobore. Alikuwa amemwambia wazi: siku utakapoua pongo wako wa kwanza, nitachovya kidole kwenye damu yake nikupake kwenye paji la uso, na gobore litakuwa lako. Kabla ya hapo wewe ni mla nyama tu. Kibwana alikuwa na mke tayari, na lile neno "mla nyama" lilimkera kuliko tusi.

"Pongo ni swala mdogo, lakini ana roho mbaya," Pazi alimkumbusha. "Ukimjeruhi usimwachie pumzi. Ukimwonea huruma, atakuja kukutoa utumbo. Mkuki hapa, chini ya shingo, na uulalie kwa uzito wako wote."

Akauchukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, akaanza kulijaza gobore. Desturi ya nyumba yao ilikuwa hiyo: shehena ya kwanza hutiwa na mkono wa mjomba. Alishindilia huku akimlaani Abasi, askari wa boma aliyempiga kitako cha bunduki mwaka jana likafa jicho lake la kushoto, kisha akamchapa kiboko hamsa ishirini mpaka mgongo ukawa matuta. Kila tusi kwa Abasi lilikwenda na dharuba moja ya mdeki. Kwa hasira zile hakukumbuka hata kupima.

Kibwana ndiye aliyepima, kwa macho. Shehena ya pongo huuacha mdeki utokeze vidole vinne nje ya mtutu. Huu ulitokeza zaidi ya vinane. Kumbe alfajiri, kwa kiherehere chake, alikuwa amelijaza gobore mwenyewe apate kuringa kwamba anajua! Sasa lilikuwa na shehena mbili, moja juu ya nyingine, na mtutu wenyewe mzee. Gobore la namna ile halipigi, linapasuka.

Aibu ilimfunga mdomo. Akisema, atabaki nyumbani kupukuchua maharage. Alijiambia atasema wakifika mtoni. Pale pale mbwa wao, Mtakoma, akabweka, na Abasi akatokea kwenye migomba, bunduki ya boma mkononi.

Hakusalimu. Alimpiga Pazi kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika juu ya mkeka, katikati ya chumvi na muhogo. Kibwana alipoinuka alipigwa teke la tumbo, akalala.

"Wenzangu wako bondeni," Abasi alisema. "Nikipiga firimbi, kijiji hiki kinaungua. Wewe kijana, mfunge huyu mzee. Kwa kamba hiyo hiyo."

Kibwana alimfunga mjomba wake mikono nyuma kwa kamba aliyoitayarisha kwa miguu ya pongo. Damu ya mzee ilimdondokea mkononi, ya moto.

Abasi akaegemeza bunduki yake kwenye mgomba, akaliokota gobore, akaligeuza geuza. Mtu wa risasi za kizungu huyu. Mdeki na vidole vinne hakuvijua. Akabandika fataki.

"Kama ni chuma kibovu, mzee, utachapwa tu. Kikilia, utanyongwa. Ngoja tuone." Akamlenga Mtakoma.

Neno moja tu lingetosha. Usipige, Bwana Abasi, litakupasukia. Kibwana alilisikia likimpanda kooni. Akamtazama mjomba wake, lile jicho moja na ule mdomo uliovunjwa, akalimeza lile neno. Alilimeza akijua anachofanya, na hakujuta.

Mlio ulitikisa migomba. Moshi ulipopungua, Mtakoma alikuwa ametimka, na mkono wa kulia wa Abasi haukuwapo. Uso ulikuwa umeungua upande mmoja. Alianguka, akapiga ukelele mwembamba, kisha akaanza kutambaa kuelekea kwenye bunduki yake, huku mkono uliobaki ukipapasa firimbi kifuani.

"Kibwana!" mjomba alifoka, damu ikimruka. "Usimwachie pumzi!"

Kibwana aliunyakua mkuki. Abasi akageuka, akamwona, akasema, "Mama yangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kibwana aliupiga mkuki chini ya shingo, akaulalia kwa uzito wake wote. Ulikwama kwenye mfupa; ikabidi auchomoe kwa kumkanyaga kifua, apige tena. Pigo la pili lilitosha. Bondeni palikuwa kimya. Bila shaka wenzake Abasi walidhani ni yeye aliyempiga mtu.

Alimkata mjomba kamba. Kisha, bila kufikiri, kama alivyokuwa akiota tangu utotoni, Kibwana alipiga magoti mbele yake na kuinua paji la uso. Alikuwa anasubiri.

Pazi alimtazama mpwa wake. Aliinama, akakigusa kidonda cha Abasi kwa kidole. Kibwana alifumba macho. Alipoyafumbua, mzee alikuwa anajifuta kidole kwenye jani la mgomba, anafuta na kufuta, na jicho lake zima linatiririka machozi.

"Huyu hahesabiwi, mwanangu," alisema. "Inuka ukusanye vitu. Kamwite mkeo, tunahama."