Kidoa Kwenye Mraba Mwekundu

Mume wangu mchoraji alianza kunichora enzi zile bado anachora watu wenye macho na pua. Kabla hajamaliza, akahamia kwenye pembetatu. Narudi kutoka kazini, nakuta pua yangu imechongoka. Akaingia kwenye duara, mashavu yangu yakawa sahani. Sasa yuko kwenye miraba, na picha yangu imebaki mraba mwekundu juu ya mweupe, kama mlango wa choo.

"Mimi niko wapi hapo, bwana wee?"

"Umo," akasema, huku anabandika utepe wa karatasi kando ya rula ili rangi isivuke mstari. "Nimeondoa tu yasiyo ya lazima."

Yasiyo ya lazima! Pua yangu!

Nikangoja aende kuoga. Nikachukua brashi yake nyembamba, nikasimama mbele ya kioo, nikakitazama kidoa cheusi cha shavuni mwangu, kile nilichozaliwa nacho. Nikakipachika kwenye ule mraba mwekundu, upande wa kushoto, vilevile kinavyoonekana kiooni. Roho ikasuuzika. Angalau sasa nimo.

Kesho yake kidoa hakipo. Mraba umepakwa rangi upya, laini, utadhani hakuna aliyewahi kuugusa. Chai tukainywa kila mtu anaangalia kikombe chake. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikasema basi, mwenzangu amenifuta.

Kwenye maonyesho ya picha zake nilikwenda kwa sababu tu mama yangu alitaka kuja. Akapita picha zote akipiga miayo. Kufika kwenye mraba mwekundu akasimama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"We! Si wewe huyu?"

Nikasogea. Kidoa kilikuwepo, kimechorwa kwa utulivu kabisa. Ila kiko kulia.

Nikamvuta mume wangu pembeni. "Umekifuta changu, halafu umekosea! Kinakaa kushoto!"

"Kushoto ni kwenye kioo, mke wangu," akasema. "Mimi sikutazami kwenye kioo. Tukikaa mezani kinakuwa kulia kwangu, kila siku."

Machozi yalikuwa karibu, nikayameza, nikamfinya mkono.

"Na pua je?" nikamuuliza.