Kitanda cha Klementina

Balbina hakupenda kusimuliwa jambo ambalo angeweza kuliona mwenyewe. Siku ile, sokoni Ifakara, alipomwona Ponsiano fundi baiskeli aking'oa gurudumu la baiskeli ya mwalimu na kulifunga kwenye baiskeli ya katekista, alitua kikapu chake cha mchele akachuchumaa.

"Hizi baiskeli ni ndugu?" akauliza.

"Hapana, mama. Hii imetoka Dar es Salaam, ile imenunuliwa Mahenge."

"Sasa gurudumu limejuaje kuingia?"

Ponsiano akacheka. "Zote zina kipimo kimoja. Unatoa hapa, unatia pale."

Balbina akalichukua gurudumu la pili, akalizungusha, akatazama ekseli yake na nati zake mbili. Hakuwa na haja ya baiskeli. Alikuwa akimfikiria binti yake.

Klementina alikuwa na mimba ya pili. Mara ya kwanza uchungu ulimshika masika, kwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Mahenge. Mto ulikuwa umefurika na pantoni imesimama. Walimbeba kwa machela hadi mtoni, wakamshusha, wakamlaza ndani ya mtumbwi uliojaa maji, wakamtoa tena upande wa Ifakara, wakamtia kwenye machela nyingine. Kila walipomshusha alipiga kelele. Mtoto alizaliwa kwenye tope la ukingo, akiwa amekufa. Watu walisema ni mpango wa Mungu. Balbina hakubishana na Mungu, ila alisema kule kushusha na kupandisha kulikuwa mpango wa watu.

"Nataka alale mara moja tu," alimwambia Ponsiano. "Alale nyumbani, ainuke hospitali. Kitanda kiwe kilekile. Kinachokibeba ndicho kibadilike."

Ponsiano akaacha spana. "Endelea, mama."

Akaendelea. Kitanda cha kamba cha kawaida, chenye matendegu manne. Mkokoteni ng'ambo, wenye matundu manne ya kuingiza matendegu. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mbao juu yake zenye matundu manne. Kisha mkokoteni mwingine upande huu. Kitanda kingechomolewa na kuchomekwa, na mgonjwa juu yake.

"Upana?"

"Shibiri nne. Urefu, shibiri tisa. Shemeji yangu Hermenegildi ndiye anayekichonga."

Ponsiano alikuwa na magurudumu ya baiskeli zilizokufa. Mawili akampa Balbina ayapeleke ng'ambo kwa Hermenegildi, mchonga mitumbwi, mawili akabaki nayo. Kila gurudumu lingekaa katikati ya mbao mbili, ekseli kwenye mikato, nati zikazwe. Kazi ikaanza pande zote mbili za mto.

Mvua za kwanza ziliponyesha wakafanya jaribio. Mgonjwa akawa Tadei, mume wa Klementina, kwa kuwa Balbina alimwamuru.

"Shikamoo mama, lakini watu watanicheka."

"Marahaba. Lala."

Akalala. Njia nzima wapita njia walisimama.

"Jamani, amekufa?"

"Anajifungua!" akajibu Hermenegildi, aliyekuwa akisukuma. "Mtoto amekaa vibaya, ana ndevu."

Kwenye mkokoteni wa ng'ambo kitanda kilikaa vizuri. Kwenye mitumbwi kikakaa vizuri zaidi, Tadei akasinzia. Upande wa Ifakara Ponsiano alikuwa ukingoni na mkokoteni wake, amevaa shati safi. Wakainua kitanda, wakakishusha. Matendegu mawili yakaingia. Mawili yakabaki nje yakining'inia, kitanda kikainama, na Tadei akaporomokea topeni.

"Fundi gani wewe?" Hermenegildi akafoka. "Kichwa chako kimejaa upepo wa tairi!"

"Niliambiwa shibiri nne. Hizi hapa!" Ponsiano akatandaza vidole vyake kwenye mkokoteni, mara nne, akafika sawasawa.

"Na hizi hapa!" Hermenegildi akapima kitanda kwa mkono wake. Nne, sawasawa.

Wakatazamana kama watu waliokuta wote wawili wana funguo za nyumba moja.

Balbina akawasogelea. Akamshika Ponsiano mkono, akamshika shemeji yake mkono, akavibana viganja viwili pamoja kama wanaosali. Vidole vya Ponsiano vilipita vya mzee kwa pingili nzima. Akaviachanisha, akavibana tena, akitazama kwa makini.

"Kumbe," akasema.

"Mimi ndiye mkubwa," Hermenegildi akasema. "Tufuate mkono wangu."

"Mkokoteni ndio wenye kazi ngumu, mzee. Tufuate wangu."

"Hatufuati mkono wa mtu," Balbina akasema. "Wewe shemeji ukifa tutaukata tubaki nao?"

Tadei, akikamua tope kwenye suruali, alicheka mpaka akakohoa.

Balbina akakata mianzi, akailaza juu ya kitanda na kuikata sawa: mmoja wa upana, mmoja wa urefu, na kipande kifupi cha unene wa tendegu. Kila fundi akapata seti yake, zimekatwa zikiwa zimelazwa pamoja. Alipokuwa anafunga mzigo akasimama tena.

"Na gurudumu lako, Ponsiano, linaingia kwenye mkokoteni wa shemeji?"

"La nini? Anayo yake."

"Sikuuliza kama anayo. Nimeuliza kama linaingia."

Hawakujua. Wakavuka, wakajaribu. Halikuingia, mbao za mzee zilibana mno; yake mwenyewe alikuwa ameyaingiza kwa nyundo. Akanung'unika, akasema huyu mwanamke angemuuliza hata jogoo kwa nini anawika, lakini akazitengeneza upya kwa mwanzi wa nne, wa nafasi ya gurudumu.

Uchungu ulimshika Klementina asubuhi, mto umejaa hadi kwenye matete. Alilala kitandani kwake. Wakaingiza matendegu kwenye mkokoteni, wakaenda taratibu kwenye maji ya magoti. Wakakichomeka kitanda kwenye mitumbwi. Klementina alikuwa ameuma khanga, lakini hakupiga kelele.

"Mama, tumefika wapi?"

"Tuko juu ya mto. Tazama mawingu."

Upande wa Ifakara mkokoteni ulikuwa umewekwa kwenye kibanda karibu na ukingo, na Ponsiano alikuwa ameshaitwa. Matendegu yote manne yakaingia kwa sauti moja. Wakaanza kupanda ukingo. Hapo gurudumu la kulia likazama kwenye shimo lililochimbwa na mvua, rimu ikajikunja kama kipande cha ndizi kavu.

Tadei akashika kichwa. "Tumbebe mabegani."

"Mama, wasinishushe," Klementina akasema. Alimkamata Balbina mkono kwa kucha. "Wasinishushe hapa."

Palikuwa pale pale, kwenye tope lile lile.

"Hakuna anayekushusha," Balbina akasema. Akageuka. "Ng'ambo kuna mkokoteni mzima, hauna kazi. Kalete gurudumu."

Tadei aliruka mtumbwini na Hermenegildi akashika upondo. Ponsiano alibaki, mgongo wake chini ya mkokoteni ili kitanda kisiiname, maji ya mvua yakimtiririka shingoni. Balbina alimfuta binti yake uso na kumuuliza mambo ya hovyo: bata wangapi wamebaki, nani aliiba jembe. Klementina alijibu na kutukana kwa zamu.

Gurudumu lilipofika, Ponsiano alilegeza nati, akatoa bovu, akatia zima. Liliteleza kwenye mikato bila kugongwa hata mara moja. Hermenegildi akainama kuangalia, kama haamini macho yake mwenyewe.

"Sukumeni," Balbina akasema.

Mtoto alizaliwa hospitali, jioni hiyo hiyo, wa kiume. Alilia kwa hasira.

Walipomrudisha Klementina ng'ambo, akiwa amekaa kitandani na mtoto kifuani, Ponsiano alikuja kivukoni kuwaaga. Akatandaza kiganja juu ya mtoto, kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Shibiri mbili kasoro kidogo," akasema.

"Za mkono wa nani?" Klementina akauliza.