Glavu za Kwenye Kamba

Nyuma ya wodi ya wazazi, pembeni mwa mashuka, glavu zilining'inia kwenye kamba zikidondosha maji ya klorini. Zilitengenezwa zivaliwe mara moja zitupwe. Hizi zilishavaliwa na kituo kizima cha afya.

Huo ulikuwa ubunifu wa mkuu wa kituo, ambaye wauguzi walimwita Bwana Tunza, kwa kumsengenya. Loweka, fua, anika, nyunyiza poda, vaa tena. Wageni wakija aliwapeleka kwenye kamba kifua mbele. Mtu mzima, na vyeti vyake ukutani, anajivunia kufua takataka! Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Siku zote mkunga wa zamu alikuwa akizicheka. Leo kicheko kilimkauka, maana aliyelala kitandani akiumwa uchungu ni wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee, mimba ya kwanza.

Alitungua glavu moja, akaipuliza kama puto, akaisogeza shavuni. Upepo ukamgusa. Ya pili ilivuja kidoleni. Ya tatu ikapasukia mkononi.

"Wifi, uko wapi?" sauti ikalia ndani.

"Nipo, mama. Pumua, nakuja sasa hivi."

Akaingia ofisini kwa mkuu bila hodi.

"Mkuu, naomba glavu mpya. Mtoto anakaribia."

"Mpya zimekwisha, Sista. Za kwenye kamba zina nini?"

"Matundu."

"Basi vaa mbili mbili. Haba na haba hujaza kibaba."

Kibaba cha nini, cha vijidudu? Mkunga alifungua mdomo amjibu, ndipo akakiona kichwa cha mkuu. Mzee anayekaribia kustaafu, nywele nyeusi tii, bado mbichi, na tone jeusi likimteremka nyuma ya sikio hadi kwenye kola. Akatupa jicho kwenye pipa chini ya meza. Glavu mpya, jozi nzima, zimetapakaa piko la kupaka nywele. Na mlango wa kabati nyuma yake haukufungwa vizuri: boksi lile pale, limebaki nusu.

Kumbe! Wazazi wazalishwe kwa viraka, kichwa cha mkuu kivae mpya. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Akazunguka meza, akachukua boksi.

"Sista, hizo ni za dharura!"

"Naiona dharura yenyewe, Mkuu. Inakuchuruzika shingoni."

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kimejaa nywele nyeusi tii, tena za bure.

Mkunga alipomaliza kunawa, alirudi ofisini na koleo. Akaziokota zile glavu za piko pipani, akatoka nje, akazibana kwenye kamba, mbele kabisa ya dirisha la mkuu. Bwana Tunza akachungulia.

"Unafanya nini wewe?"

"Naanika, Mkuu. Zikikauka nitazinyunyizia poda, utazivaa tena mvi zikichomoza."